Je, wajua kwa nini mapigano ya Omaha siyo yanayoanzisha hadithi ya Saving Private Ryan?

Waulize walioitazama filamu hii ya Steven Spielberg ya mwaka 1998, kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hadithi inaanzia wapi, na wengi watakutajia ufukwe wa Omaha, Ufaransa: Juni 6, 1944, wanajeshi wa Marekani wanashuka mashuani, risasi zinawafyeka kabla hawajakanyaga mchanga, na kwa takriban dakika 24 mtazamaji hapati nafasi ya kupumua. Ni kosa linaloeleweka, kwa sababu tumezoea kupima uzito wa tukio kwa kishindo chake.

Muundo wa sehemu tatu, uliosambazwa na mwalimu wa uandishi wa filamu Syd Field tangu 1979, huigawa hadithi takriban robo, nusu na robo. Mpaka kati ya sehemu hizo ni pale lengo la mhusika mkuu linapobadilika. Chukua safari ya basi. Mvua kubwa huweza kulikwamisha kutwa nzima, na likinasuka bado linakwenda kulekule. Kwenye njia panda hakuna kishindo. Dereva anakata kona tu, na kuanzia hapo abiria wote wanaelekea mji mwingine.

Omaha ni mvua. Kapteni Miller, mhusika mkuu, anataka kuwatoa watu wake ufukweni, na anafanikiwa. Lengo limefunguliwa na kufungwa papo hapo. Uzi unaoliunganisha pigano hilo na yanayofuata ni maiti moja mchangani, mkoba wake umeandikwa Ryan. Njia panda yenyewe iko ofisini, kwenye mlio wa taipureta: karani anagundua kwamba taarifa tatu za vifo zinakwenda kwa mama mmoja. Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la Marekani, anaagiza mwana wa nne, yaani Ryan anayetajwa kwenye jina la filamu, arudishwe nyumbani, na filamu imeshapita nusu saa Miller anapopewa amri. Watu wanane, akiwemo yeye, watamtafuta mmoja.

Hata hivyo, ukiiondoa Omaha filamu inaporomoka, maana ndiyo inayotuonyesha bei ya uhai. Tabibu wa kikosi, Wade, anapokufa na mwenzake Reiben kutishia kuondoka, ugomvi ule ungekuwa maneno matupu kama tusingeona ufukwe.

Njia panda ya pili nayo huwekwa mahali pasipo pake, yaani pale Ryan anapopatikana. Kumpata ni jibu la swali la zamani. Kona inakatwa muda mfupi baadaye: Ryan anakataa kuliacha daraja la mtoni analolilinda na wenzake, na Miller anaamua kubaki kupigana pamoja naye. Ukihesabu hivyo, sehemu ya tatu inazidi robo ya dakika 169 za filamu, jambo ambalo kipimo cha Field hakilizuii, kwani ni makadirio.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, simamisha filamu kila dakika kumi uandike sentensi moja: Miller anataka nini sasa? Kosa la kawaida ni kuandika jeshi linataka nini.

Fanya hivyo pia kwa Upham, mkalimani wa kikosi cha Miller, ukiwa makini na nyuso. Mjerumani anayemuua Mellish, mwenzake wa kikosini, kwa kisu siye yule mateka wa Kijerumani ambaye kikosi kilimwachia huru baada ya kifo cha Wade. Ni watu wawili. Ukiwachanganya, utadhani Upham mwishoni analipiza kisasi cha Mellish, kumbe anampiga risasi yule mateka, ambaye Upham mwenyewe alimwombea uhai, baada ya kumwona akimfyatulia Miller.