Injini inayoshika ukiachia ufunguo

"Shikamoo fundi. Ndege imegoma tena. Nadhani ni baridi."

Baridi, Mwanza! Nilifika uwanjani saa mbili asubuhi, shati limeshaloa mgongoni. Nikamwuliza rubani, kijana msikivu tu, inagoma vipi hasa.

"Napiga stata, wapi. Nikikata tamaa nikiachia ufunguo, hapohapo inashika."

Kwa maneno hayo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Ila ile Cessna 172, yenye injini ya Lycoming O-320, ilikuwa imeshawekewa betri mpya na plagi mpya, na kabureta imeshushwa ikaoshwa. Pesa imetembea, ugonjwa uko palepale, na hakuna aliyemwuliza rubani swali hata moja.

Injini ya namna hii haitegemei betri kupata cheche. Betri ni ya stata. Cheche zinatoka kwenye magneto mbili, vijenereta vidogo vya sumaku vinavyozungushwa na injini yenyewe. Hapo ndipo penye mtihani. Stata inazungusha polepole, na magneto ikienda polepole cheche yake ni hafifu. Tena imetegwa kuwasha nyuzi 25 za mzunguko kabla pistoni haijafika juu kabisa. Injini ikiwa kasi, hiyo ni sawa. Ikiwa inasuasua, moto unawahi na kuirudisha pistoni ilikotoka. Propela inapiga teke kinyume, na stata yako inaweza kuvunjika.

Dawa yake ni kipande chenye springi na vikucha, tunakiita impalsi, kilichopo kwenye magneto ya kushoto. Kikucha kinaizuia magneto isizunguke, springi inajikaza, halafu pistoni ikikaribia juu kinaachia: tak! Magneto inaruka ghafla, cheche inatoka nene, na imechelewa kiasi kinachotakiwa. Injini ikishachangamka, vikucha vinajikunja vyenyewe kwa kasi ya mzunguko.

Sasa, ufunguo ukiwa kwenye stata, magneto ya kulia inazimwa makusudi kwa kuwa haina impalsi. Mzigo wote ni wa kushoto. Impalsi ikilala, unazungusha bure. Ukiachia ufunguo, ya kulia inaamka wakati propela bado ina mwendo, na injini inashika. Ndiyo maana ukaguzi wa magneto kabla ya kuruka haukumwonyesha kitu: kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika impalsi haina kazi tena, na magneto zenyewe zilikuwa nzima.

Nikatoa ufunguo, nikavuta mikscha, kitasa cha kukata mafuta, mpaka mwisho, nikaweka vigingi kwenye magurudumu, nikachomoa nyaya za plagi zote. Hapa sina haraka kamwe. Waya unaozima magneto ukikatika, magneto iko hai hata kama ufunguo uko mfukoni mwako, na propela haimjui fundi. Nikaizungusha kwa mkono, taratibu. Kwa injini ya silinda nne nilitakiwa nisikie tak kila nusu mzunguko. Nikasikia moja. Kimya. Kimya. Kisha nyingine, dhaifu.

Tulipoishusha magneto, vikucha vilikuwa vimenasa kwenye mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi, na kimoja kimelika ncha. Magneto hizi hukaguliwa kila saa 500; daftari lilionyesha hii imepitiliza. Nikafunga impalsi mpya.

Halafu kuna hili la prima, pampu ya mkono inayorushia injini petroli kabla ya kuwasha. Kijana alikuwa anapampu mara sita kila asubuhi, eti baridi, mpaka petroli inadondoka chini ya kabureta. Ushauri wa kupampu sana ni wa watu wanaoamka na theluji juu ya mabawa. Huku ziwani, moja au mbili zinatosha. Ukishaizamisha, vuta mikscha, fungua throtoli, yaani mafuta ya mwendo, yote, zungusha mpaka ijisafishe. Na moto ukilipuka kwenye njia ya hewa, usiache stata: endelea kuzungusha injini iumeze.

Injini zinazogoma zikiwa za moto, baada ya kuegeshwa juani, ni kesi nyingine. Mara nyingi mafuta yamegeuka mvuke kwenye mabomba.

Tukatega upya wakati wa cheche, tukafunga kava, nikamrudishia ufunguo. Propela haikumaliza mzunguko wa pili. Akaizima, akachungulia dirishani.

"Fundi, niiwashe tena kidogo?"