Wasiwasi na sukari ya damu: maswali ya waliopimwa kisukari

Nilipimwa nikiwa na hofu kubwa, mashine ya sukari ikasoma 8.4 (milimoli kwa lita). Je, ni hofu iliyoipandisha?

Huenda ilichangia. Mtu anapoogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, homoni ambazo hulifanya ini litoe akiba yake ya sukari na wakati huohuo hupunguza nguvu ya insulini. Mwenye kongosho zima huongeza insulini na sukari hushuka upesi. Mwenye kisukari, au anayekikaribia, hukawia. Hata hivyo, usiitupie hofu lawama kabla ya kujiuliza ulikula nini na saa ngapi, kwa kuwa 8.4 saa moja baada ya chai yenye sukari na maandazi si ajabu, ilhali 8.4 kwa mtu ambaye hajala tangu usiku ni jambo zito. Hata kidole kilichotoka kumenya embe, kisiponawishwa, hudanganya mashine.

Nitaujuaje ukweli, basi?

Rudia kipimo siku nyingine, nami nasisitiza hili kwa sababu wengi hujifariji kwamba "ni hofu ya siku ile tu" na hawarudi tena. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kisukari huanzia 7.0 baada ya kukaa bila kula kwa saa zisizopungua 8, au 11.1 saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, na asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja. Kipimo cha HbA1c, ambacho kigezo chake ni asilimia 6.5, huonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi 2 hadi 3, hivyo hofu ya asubuhi moja haikiyumbishi. Lakini mwenye selimundu amweleze mhudumu mapema, kwani kwake majibu ya HbA1c yanaweza kupotosha.

Wasiwasi wa muda mrefu huleta kisukari?

Peke yake, hapana. Huharibu usingizi, ulaji na mazoezi, na kwa njia hiyo huongeza hatari.

Natumia insulini, nikitetemeka na kutokwa jasho, ni wasiwasi au sukari imeshuka?

Dalili hufanana mno, kwa hiyo pima. Ikiwa chini ya 3.9, au ikiwa huna mashine, koroga vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15.