Kesi ya fidia ya kifo nchini Kenya: nani anadai, na anadai nini

Mtu akigongwa na gari akafa, dereva hushtakiwa katika mahakama ya trafiki. Huenda akatozwa faini au akafungwa, na familia ya marehemu isipate hata shilingi. Kesi hiyo ni ya Serikali. Kesi ya fidia ya kifo ni nyingine kabisa: hufunguliwa kwa niaba ya waliofiwa, na inamtaka aliyesababisha kifo kwa uzembe wake, au mwenye gari, au mwajiri wake, alipe.

Hakuna haja ya kungoja ile ya trafiki iishe. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo inaisaidia sana familia, ingawa bado anaweza kudai kwamba marehemu naye alichangia ajali. Akiachiliwa, dai la fidia halifi. Katika jinai hakimu hamfungi mtu akiwa na shaka ya maana. Katika madai anaangalia tu ushahidi wa upande upi una uzito zaidi.

Ndani ya kesi hii moja mna madai mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la wategemezi, chini ya Sheria ya Ajali za Vifo (Sura ya 32): mke au mume, watoto na wazazi. Wajukuu, watoto wa kambo na babu na bibi pia wamo. Kaka na dada za marehemu hawamo, hata kama ni yeye aliyekuwa akiwalipia karo. Jambo hili huumiza familia nyingi, na ni heri lijulikane mapema kuliko kusikika mara ya kwanza kizimbani. Dai la pili, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Sura ya 26), ni la marehemu mwenyewe: yale ambayo angedai kama angepona. Hapo huingia maumivu aliyopata kabla ya kukata roho na maisha aliyokatiziwa. Aliyefia papo hapo hupewa kidogo kwa maumivu. Aliyelala wodini wiki tatu hupewa zaidi. Kwa kukatiziwa maisha, mahakama zimezoea kutoa kama shilingi 100,000.

Kesi nyingi huanguka kabla ushahidi haujasikizwa, na sababu ni karatasi moja: hati ya usimamizi wa mirathi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Kuwa mjane au mtoto wa kwanza hakukupi mamlaka ya kudai kwa niaba ya mali ya marehemu. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba kesi iliyofunguliwa kabla ya hati kutoka ni batili tangu siku ilipofunguliwa, na hati ikija baadaye haiifufui. Si lazima kungoja mirathi yote igawanywe. Ipo hati ya muda inayotolewa kwa ajili ya kesi tu. Nenda kwa chifu upate barua inayotaja warithi wote, uiambatanishe na cheti cha kifo na vitambulisho, kisha uombe mahakamani. Mke wa pili au mtoto wa nje akiachwa katika barua hiyo, pingamizi huja na miezi hupotea. Wataje wote.

Muda ni miaka mitatu tangu siku ya kifo. Gari likiwa la Serikali, ni miezi kumi na miwili tu.

Huku hati ikishughulikiwa, kusanya abstrakti ya polisi (hati yao ya muhtasari wa ajali), ripoti ya upasuaji wa maiti, rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inayoonyesha mwenye gari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na risiti za jeneza, mochari na usafiri. Soma abstrakti ukiwa bado kituoni: tarakimu moja ya nambari ya gari ikikosewa, au jina la kampuni ya bima likiachwa, utakuja kuhangaika. Kampuni ya bima nayo ipewe notisi ya maandishi kabla ya kesi kufunguliwa. Isipopata notisi kwa wakati, inaweza kukataa kulipa hata ukishinda.

Pesa nyingi hutokana na hesabu ya utegemezi. Tuseme marehemu alikuwa na miaka 38, ana mke na watoto, na mshahara baada ya makato ni shilingi 30,000. Kwa mwaka ni 360,000. Hakimu hukadiria miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, akipunguza kwa sababu ya misukosuko ya maisha, tuseme 20. Tumefika 7,200,000. Fungu moja la pesa hizo angelitumia mwenyewe, basi kwa mwenye mke na watoto mahakama kwa kawaida huchukua theluthi mbili: 4,800,000. Ikiamuliwa kwamba alichangia ajali kwa asilimia 20, labda kwa kuvuka barabara ovyo, inabaki 3,840,000. Bima ya lazima ya gari, chini ya sheria ya bima ya magari (Sura ya 405), haivuki shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari.

Mama mboga na mwendesha boda hawana payslip, lakini wana rekodi za M-Pesa, kitabu cha chama au sacco, na watu wa kutoa ushahidi. Hayo yakikosekana kabisa, mahakama hutumia kima cha chini cha mshahara au hutoa kiasi cha jumla. Mama wa nyumbani pia ana thamani katika hesabu hii. Usikubali kuambiwa hakuwa na kazi.

Jihadharini sana na wiki ya matanga. Mabroka huzunguka mochari, na wapo wanaokuja na bahasha ya kusaidia mazishi pamoja na fomu ya kusaini. Fomu hiyo mara nyingi inasema mmelipwa chote na hamtadai tena. Mtu aliyefiwa jana asisaini chochote. Wakili naye, mkubaliane ada kwa maandishi. Mapatano ya kwamba atalipwa mkishinda tu, mkishindwa hadai kitu, hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Fidia ikiingia kwenye akaunti yake ya wateja, dai taarifa inayoonyesha kilicholipwa na kilichokatwa.

Hukumu huweka wazi fungu la kila mtegemezi. Fungu la mtoto mara nyingi huwekwa benki, katika akaunti yenye riba, hadi atimize miaka 18. Karo ikihitajika kabla ya hapo, mzazi au mlezi huiomba mahakama kibali cha kutoa.