Hyumidifaya Si Dawa ya Kifua

Kila msimu wa baridi malalamiko ya wanunuzi tunayopokea kuhusu hyumidifaya, kifaa cha kuongeza unyevu wa hewa chumbani, huongezeka: ukuta umeota kuvu, mtoto anazidi kukohoa, meza imejaa vumbi jeupe. Mara nyingi kifaa chenyewe hakina kasoro.

Baridi si ukavu. Tumelisema hili mara nyingi. Julai ya Nairobi na Limuru ni ya mawingu na manyunyu, na chumba kilichofungwa madirisha usiku kucha huwa na unyevu tele. Unaofaa ndani ya nyumba ni asilimia 30 hadi 50, kwa hiyo nunua kwanza haigrometa ya kuupima. Mkazi wa Mombasa hatujui anakitakia nini kifaa hiki. Wala hyumidifaya si nebulaiza, kile kifaa cha kumvutisha mgonjwa dawa; dawa ya pumu haitiwi humo.

Hakitiwi chochote ila maji. Korea Kusini, kuanzia 1994, ziliuzwa dawa za kuua viini za kuchanganya na maji ya hyumidifaya. Mwaka 2011 serikali ilizihusisha na ugonjwa wa mapafu ulioua wajawazito na watoto, zikaondolewa madukani. Kemikali ya kusafishia, ikigeuzwa ukungu, hupenya hadi ndani ya mapafu. Anayetia kifuniko kimoja cha dawa ya kuloweka nepi "maji yasioze" anamvutisha mwanawe kemikali usiku kucha.

Maji yasioze? Yamwage kila siku, ukaushe tangi. Kila siku ya tatu chomoa plagi, sugua kwa siki, suuza mpaka harufu iishe. Vumbi jeupe ni madini, hasa ya maji ya kisima. Kuchemsha maji huua vijidudu tu, madini hubaki.

Kuhusu ununuzi: kifaa kilichoagizwa nje kinapaswa kuwa na stika ya ISM, alama ya viwango kwa bidhaa za nje, ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya). Tuma msimbo wake kwa 20023, kisha linganisha jibu na bidhaa iliyo mkononi, maana stika huhamishwa kutoka katoni moja hadi nyingine. Chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496, bidhaa zisizofikia viwango zinaweza kukamatwa na kuharibiwa, na muuzaji kushtakiwa. Ukitilia shaka, usirudishe kifaa dukani kabla ya kuripoti kwetu: kikishabadilishwa, hatuna kielelezo. Kilete kikiwa na katoni, stika na risiti. Picha ya simu pekee haitoshi kufungua faili.