Lavenham: Nyumba Zilizopinda na Porojo Zake

Picha za Lavenham, kijiji cha Suffolk mashariki mwa Uingereza, husambaa sana mitandaoni: nyumba za mbao zimeinama huku na huku, nyingine utadhani zimelewa. Maelezo yanayoandamana nazo ndiyo yenye matatizo.

Dhana: Boriti zake zilitolewa kwenye meli kuukuu.

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Watu huonyesha matundu matupu kwenye boriti na kusema hapo kiliingia kiungo cha meli. Ukweli ni kwamba seremala wa karne ya 15 alitaka mti wa mwaloni ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unakuwa mgumu kuchonga. Matundu mengi yaliachwa na vipande vya nyumba hiyohiyo vilivyong'olewa baadaye, au boriti yenyewe ilitoka kwenye nyumba ya zamani zaidi. Tena bahari iko mbali. Nani angekokota mbao za meli kwa mkokoteni wakati misitu iko jirani?

Dhana: Zimepinda kwa sababu mafundi walilipua kazi.

Mwaloni mbichi husinyaa na kujikunja unapokauka, na fundi alilijua hilo tangu mwanzo. Alichonga ulimi uingie kwenye tundu, akatoboa, akapigilia kigingi cha mbao. Fremu ilipangwa kwanza chini, viungo vikatiwa alama kwa patasi, I, II, III na kuendelea, kisha ikafunguliwa na kusimamishwa mahali pake. Alama za namna hiyo bado zinaonekana kwenye nyumba nyingi za enzi hizo ukizisogelea. Viungo hivyo huinama pamoja na mbao bila kuachia, ndiyo maana baada ya miaka 500 paa bado liko juu. Kazi ya kulipua haikai hivyo.

Dhana: Rangi yake ya asili ni nyeusi na nyeupe.

Mtindo wa kupaka mbao lami ulishika kasi karne ya 19. Lavenham utaona mbao nyingi za kijivu, au zilizopakwa chokaa pamoja na ukuta.

Dhana: Palikuwa kijiji cha wakulima tu.

Leo wakazi ni takriban 1,700, lakini kwenye kodi ya mwaka 1524 Lavenham ilihesabiwa miongoni mwa miji tajiri zaidi ya nchi. Fedha ilitoka kwenye kitambaa cha sufu cha buluu. Ndiyo iliyojenga mnara wa kanisa wenye urefu wa takriban mita 43, na jengo la Guildhall la chama cha kidini cha matajiri, karibu mwaka 1530. Chama kilipovunjwa, jengo likageuzwa gereza, baadaye makao ya maskini.

Dhana: Wenyeji walizitunza kwa kupenda historia.

Hapana, walifilisika. Wakimbizi Waholanzi waliohamia mji wa Colchester walifuma vitambaa vyepesi na vya bei nafuu, na soko la Lavenham likaanguka. Kwingineko matajiri walibomoa na kujenga kwa matofali. Hapa wengi hawakuwa na uwezo huo. Kupenda historia kulikuja baadaye, tena kwa hasira: mwanzoni mwa karne ya 20 jengo la kale la Wool Hall lilifunguliwa boriti kwa boriti lihamishiwe Ascot, mji mwingine wa Uingereza. Wenyeji wakapiga kelele mpaka likarudishwa.