Kazi ya sabufa sebuleni, na kwa nini nyingi zinavuma tu

Sikio zima la binadamu husikia sauti kuanzia takriban Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi 20,000. Spika ndogo za pembeni, zile za inchi tatu au nne, huanza kuishiwa nguvu zikishuka chini ya Hz 100. Hapo ndipo sabufa inapopokea kazi: gitaa la besi, ambalo waya wake mnene hutoa Hz 41, ngoma kubwa, na mtikisiko wa milipuko kwenye filamu. Kazi yake inaishia hapo. Ukimsikia msomaji wa taarifa ya habari akiongea kutoka chini ya meza ya runinga, krosova, yaani mpaka wa Hz ambao chini yake sabufa hupokea sauti, imepandishwa mno. Ianzie Hz 80. Kama spika za pembeni ni ndogo sana, Hz 100 hadi 120.

Wanunuzi wengi huvutwa na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Tunawasihi: maelfu ya P.M.P.O., yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, hayapimi chochote cha maana. Tafuta RMS, yaani wati ambazo kifaa hutoa mfululizo, kisha geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Kifaa kinachotumia wati 60 za umeme hakiwezi kutoa wati elfu moja za muziki mfululizo. Sauti ikishuka kwa oktavu moja, yaani Hz zikipungua nusu, koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) hulazimika kusukuma hewa mara nne ili isikike kwa nguvu ileile, kwa hiyo upana wa koni na uimara wa sanduku vina uzito kuliko tarakimu zile.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni mahali pa kuiweka. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko sebule nyingi. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine. Kwenye kochi moja besi inajaa hadi glasi zinalia kabatini, kwenye kochi la pili haipo kabisa. Kona huzidisha besi, na mara nyingi huifanya ivume noti moja tu.

Fanya hivi: weka sabufa pale unapoketi, piga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Utakapozisikia noti zote kwa usawa, ihamishie hapo. Ikiwa ina swichi ya fezi, 0 na 180, inayogeuza mwelekeo wa msukumo wa koni, rudi kwenye kiti uchague upande wenye besi iliyojaa zaidi.

Kwa wanaoishi ghorofani au nyumba za kupanga: ukuta huzuia maneno vizuri kuliko besi, kwa hiyo jirani anaweza kupata mdundo mtupu, bila wimbo. Weka mpira mzito au sponji ngumu chini ya sanduku, na ikifika usiku punguza besi kwanza, kabla hujagusa sauti kuu.