Vimraba kwenye video ya harusi: dhana potofu na ukweli

Bibi harusi anaingia ukumbini, taa zinapunguzwa, moshi unapulizwa, na papo hapo picha inageuka sakafu ya vigae. Kodeki ya H.264, yaani mbinu ya kubana video ili faili liwe dogo, huikata kila fremu (picha moja ya video) kuwa vimraba vya pikseli 16 kwa 16, kisha ndani yake hufanya kazi kwa vipande vya 8 kwa 8 au 4 kwa 4. Data ikitosha, mipaka ya vimraba haionekani. Ikipungua, undani hutupwa, kila kimraba kinabaki na rangi yake bila kuoana na jirani. Cha kujua kwanza ni undani huo ulitupwa wapi.

“Ongeza bitireti, vitaondoka.” Bitireti ni kiasi cha data kinachopewa kila sekunde ya video, na hupimwa kwa Mbps (megabiti kwa sekunde). Vimraba vitaondoka kama vimezaliwa wakati wewe unabana. Fungua faili la asili na lile ulilobana, uyasimamishe yote mawili kwenye sekunde ileile. Vimraba vikiwa vipo tangu kwenye asili, hata ukibana kwa 20 Mbps utapata nakala nzito ya uchafu uleule. Ndivyo zilivyo video nyingi zilizopita WhatsApp kama video. Zingetumwa kama dokumenti zingefika zilivyo. Rudi kwenye kanda, kadi ya kamera au DVD. Vichujio vya kulainisha vimraba vipo, ila vinapaka tu: mipaka inafifia, na nakshi za gauni zinaondoka nayo.

“Vimraba vyote ni vya kubana.” Vikiwa vya kijani au kijivu, au vikionyesha kipande cha fremu iliyopita kisha vikajisafisha ghafla, hiyo ni data iliyopotea: kadi mbovu, DVD iliyokwaruzwa, faili lililokatika wakati wa kunakili. Pima hivi kwa ffmpeg, programu ya kubana na kugeuza video kwa amri za maandishi:

`ffmpeg -v error -i harusi.mp4 -f null -`

Ikitema mistari ya makosa, faili limeumia. Kwenye kanda za MiniDV, vimraba vinavyorukaruka au kujipanga kwa mistari mara nyingi hutokana na kichwa kichafu cha kamera. Pitisha kanda ya kusafishia kwa sekunde chache tu, kwa kuwa inasugua kichwa, kisha nakili upya.

“Ipandishe iwe 1080p, itang'aa.” Picha ya PAL (mfumo wa runinga uliotumika kwenye kanda na DVD) ina pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Ile ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, mara tano. Ukiacha bitireti ileile ya 1.5 Mbps, umewagawia watu watano sahani ya mtu mmoja. Bana kwa ukubwa wa asili, runinga itakuza yenyewe.

“Mpangilio wa kasi huathiri muda tu.” Hapa ndipo mafundi wengi huumia, hasa mteja akiwa mlangoni na flashi mkononi. Kwenye x264, programu inayobana kwa H.264, mpangilio wa `ultrafast` huzima kichujio cha ndani cha kulainisha mipaka ya vimraba, huzima mgawanyo wa data unaolinda sehemu tulivu za picha, na huzima pia CABAC, ambayo ndiyo inayofungasha data kwa ubanifu zaidi. Kwa bitireti ya kudumu, vimraba vinajaa. Kwa CRF, yaani kubana kwa kulenga ubora badala ya bitireti, faili linavimba na bado picha si nzuri. Tumia `slow`, au `medium` kompyuta ikiwa chovu. Kwa ukubwa wa DVD, CRF kati ya 18 na 22 inatosha. Namba ikishuka, ubora unapanda.

“Gizani hakuna kitu, data kidogo inatosha.” Kodeki nayo huelekea kufikiri hivyo, ndiyo maana suti nyeusi na kona za ukumbi huharibika kwanza. Kwenye x264 weka `aq-mode=3`, inayopeleka data zaidi kwenye sehemu zenye giza. Lakini ukiona ngazi za rangi pana ukutani au angani, bila miraba, hilo ni tatizo jingine: rangi za biti 8 hazitoshi kwa mteremko laini. Dawa yake ni HEVC (kodeki iliyofuata H.264) ya biti 10. Epuka H.264 ya biti 10, maana runinga nyingi haziichezi.

“Chengachenga za VHS ni za kuachwa, ndio uasili wenyewe.” Kodeki haijui kutofautisha chenga na kitambaa cha kanga. Chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo zinakula data iliyopaswa kwenda kwenye nyuso. Mistari ya kitana inayoonekana mtu anapocheza nayo inakula vilevile: inatokana na kila fremu kubeba nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Zitenganishe nusu hizo kwanza kwa `bwdif`, ndipo upunguze chenga kwa `hqdn3d`, vyote vichujio vya ffmpeg. Ukigeuza mpangilio huo, kichujio cha chenga kitachanganya nusu hizo mbili na kuacha vivuli.

Usijaribie video nzima ya saa tatu. Chagua sekunde 30 ngumu kuliko zote (moshi, taa za disko, watu wanacheza) na ubane hizo peke yake:

`ffmpeg -ss 00:42:10 -t 30 -i harusi.dv -vf bwdif,hqdn3d=2:1.5:3:2.25 -c:v libx264 -preset slow -crf 19 -x264-params aq-mode=3 jaribio.mp4`

Itatoka na fremu 50 kwa sekunde, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa kanda ya PAL. Itazame kwenye runinga, si kwenye simu. Kioo cha inchi 6 huficha vimraba vingi.